Hadithi Zetu za Daladala Hazina Hesabu

Leo nina ugomvi na hadithi zetu za daladala. Simtafuti mtu. Nazungumzia kazi zetu sote, hizi tunazosomeana na kuazimana mpaka karatasi zinachoka pembe. Chukua rundo lolote: hujafika ukurasa wa tatu, mhusika mkuu ameshapandishwa daladala. Anasukumwa, anakanyagwa, konda anamfokea, anashuka, halafu ndipo hadithi inaanza. Daladala limekuwa mlango wa kuingilia tu. Ukilifuta lote, hakuna kinachopungua.

Hapo ndipo ninapogomba. Kijana wa Mbagala, wa Gongo la Mboto au wa Kayole kule Nairobi anaacha sehemu kubwa ya siku yake barabarani. Humo ndimo anamosikia habari, anamotukanwa, anamosinzia, anamochomolewa pochi, anamopata rafiki. Fasihi inayojidai ni ya uhalisia haiwezi kupapita mahali kama pale kwa mistari minne ya jasho na kubanana.

Madai yangu ni mafupi: hatuliandiki daladala vizuri kwa sababu hatuandiki hesabu. Siyo hesabu ya ubaoni. Nasema hesabu kama wanavyoiita wenyewe barabarani, yaani ile fedha ambayo dereva na konda lazima wamfikishie mwenye gari kila jioni, liwake jua, inyeshe mvua, abiria wawepo wasiwepo. Asiyeijua hesabu hiyo akipanda gari ataona fujo. Anayeijua ataona tukio linalozaa tukio, na huo ndio msuko tunaoutafuta usiku kucha.

Hadithi tatu tunazozirudia

Hebu tuziangalie. Ya kwanza ni ya mapenzi. Mvulana anapanda, anamwona msichana kiti cha dirishani, macho ya kurembua, marashi, nywele zimesukwa zikasukika. Foleni inawasaidia. Mwishoni anapewa namba ya simu, au msichana anashuka bila kuaga na mvulana anabaki na huzuni yake hadi kituo cha mwisho. Msichana huyo hana nauli, hana kituo, hana anakotoka. Ni mhusika bapa kabisa, picha ya kalenda iliyobandikwa kwenye kiti.

Linganisha na yanayomkuta msichana wa kweli. Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu kwa kisingizio cha mavazi yake. Yule hakuwa wa kalenda. Katika hadithi zetu mwandishi ndiye anayemtazama msichana. Ndani ya gari lenyewe, msichana ndiye anayetazama: nani amesimama nyuma yangu, mkono wa nani uko wapi, kituo nitakachoshuka kina taa au hakina. Sijasoma bado hadithi ya mmoja wetu iliyokaa nyuma ya macho hayo kuanzia kupanda mpaka kushuka.

Ya pili ni ya vichekesho vya konda. Ana kinywa kichafu, ana jibu kwa kila swali, anamkata kauli bi mkubwa mwenye kapu na gari zima linavunjika mbavu. Sisemi hazichekeshi. Nimecheka nazo. Lakini huyo konda ni kikaragosi. Hana kwao, hana jana, hatuambiwi alilala saa ngapi wala kama alikula. Anafungua mlango, anatoa kichekesho, anafunga mlango.

Ya tatu ni mahubiri. Gari limejaza, linakimbia, linapinduka, na mwandishi anatutolea mawaidha juu ya tamaa ya madereva. Tamaa! Neno hilo likiingia kwenye hadithi, ujue mwandishi amechoka kufikiri. Mtu anayeendesha tangu saa kumi alfajiri mpaka saa nne usiku ili apeleke fedha kwa mwingine, yeye ndiye mwenye tamaa?

Zote tatu zina kasoro moja. Zinatuonyesha tabia bila chanzo chake, na mtu asiye na chanzo hawi mhusika.

Jina lenyewe ni nauli

Anayedhani naleta uchumi kwenye fasihi kwa nguvu aangalie majina. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa 1974 libebe mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabasi yake hayakutosha, na magari ya watu binafsi yakawa yanabeba abiria kwa kujificha. Nauli ilikuwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano mitaani ilikuwa ikiitwa dala, kwa hiyo mwito ukawa "dala, dala!" Mwaka 1983 serikali ikayaruhusu. Gari likabaki na jina la sarafu.

Nairobi nao ni hivyo hivyo. Mabasi ya kampuni yalikuwepo tangu 1934, lakini hayakuwafikia watu wa pembezoni. Vikaja vigari vilivyotoza sarafu tatu za senti kumi, na neno la Kikikuyu la tatu likawa jina: matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akavifungulia njia vibebe watu bila leseni kama za mabasi makubwa.

Miji miwili, nchi mbili, na kila mmoja umekiita chombo chake kwa bei yake. Watu wangeweza kukiita kwa rangi, kwa umbo, kwa kelele. Wamekiita kwa kilichowatoka mfukoni. Leo shilingi tano hainunui hata pipi na senti thelathini haipo, ila majina yapo. Kila mara mtu anaposema "nimepanda daladala" anataja nauli iliyokufa zamani. Ningekuwa mshairi ningeanzia hapo, wala nisingehangaika na dagaa wa kwenye kopo.

Denti wa Mtongani

Nitoe mfano nilioushuhudia. Asubuhi moja nilikuwa Mtoni Mtongani nangoja gari la Kariakoo. Madenti walikuwa wanane hivi, sare zimenyooshwa, mabegi vifuani. Gari likaja limejaa. Konda akaning'inia mlangoni:

"Madenti wawili! Wawili tu nimesema! Dada, pita. Mzee, ingia, nyuma kuna nafasi. We denti, toa mguu."

Binti mmoja akamwambia, "Kaka, nina mtihani saa mbili."

"Kwani mtihani nasahihisha mimi?"

Watu wakacheka. Gari likaanza kuondoka. Konda akanyoosha mkono, akalishika begi la yule binti na kumvuta ndani pamoja nalo. "Simama hapo hapo. Ole wako nikukute umekaa." Binti akasafiri mpaka Kariakoo kichwa kikiwa chini ya kwapa la konda.

Hadithi zetu tatu zingemfanyaje huyu? Ya mapenzi ingemkuza binti umri na kumpa kiti. Ya vichekesho ingekomea kwenye jibu la mtihani. Ya mahubiri ingelia juu ya vijana wasiothamini elimu. Hakuna ambayo ingeuliza kwa nini wawili, na kwa nini baadaye akaongeza wa tatu.

Sasa piga hesabu. Mwishoni mwa 2023 nauli ya njia fupi Dar es Salaam ilipangwa kuwa shilingi 600 kwa mtu mzima, na ya mwanafunzi ikabaki 200. Wanafunzi watatu ndio mtu mzima mmoja. Taifa limeamua, na limeamua vizuri, kwamba mtoto alipe kidogo aende shule. Lakini fidia ya shilingi 400 inatoka wapi? Mwenye gari hapunguzi hesabu yake kwa kuwa leo madenti walikuwa wengi. Kituo cha mafuta hakina bei ya wanafunzi. Kila nafasi ya mtu mzima inayochukuliwa na denti inamtoka konda na dereva wake, katika kile kidogo kinachobaki baada ya mafuta na hesabu, yaani ujira wao. Kwa hiyo yule aliyesema "wawili tu" alikuwa ameshapiga hesabu kabla gari halijasimama. Na aliyemvuta wa tatu alitoa kitu chake. Lile jibu la mtihani, ukilisikiliza vizuri, lilikuwa ni kifuniko: alitukana kwanza ili akimsaidia wale watano waliobaki wasije wakamzoea.

Simtetei. Kichwa cha mtoto hakikustahili kuwa pale. Lakini sasa tuna mtu mwenye ukatili na huruma katika dakika moja, vyote viwili vikitoka mfuko mmoja. Huyo ndiye mhusika duara ambaye mwalimu wetu wa fasihi alikuwa akituchorea ubaoni. Hatukumtunga. Alikuwa ananing'inia mlangoni.

Na tusisahau kwamba wengi wa hawa hawana hata karatasi ya kuonyesha wameajiriwa. Mtafiti Matteo Rizzo ameandika kitabu kizima juu ya daladala la Dar es Salaam, kilichotoka 2017, na kiini chake ni hiki hiki: wafanyakazi wasio na mkataba, wanaodaiwa fedha ya siku na mwenye gari, na mwendo wa kasi na ubabe unaozaliwa na deni hilo. Anaeleza pia jinsi madereva na makonda walivyojiunga mwishoni mwa miaka ya 1990 wakidai mikataba. Mwaka huo huo wa 2017 mwanahistoria Kenda Mutongi naye alitoa historia ya matatu ya Nairobi. Vitabu vyote viwili ni vizuri na vyote ni vya Kiingereza. Sisi tunaopanda magari hayo kila siku na kuandika kwa lugha ya humo ndani tumeshindwa hata na chama cha makonda! Kuna riwaya nzima imelala pale, ya watu waliotaka tu kuandikiwa kwamba wameajiriwa.

Kila mji na hesabu yake

Kosa jingine letu ni kudhani basi ni basi, popote. Nimesoma hadithi ya Nairobi iliyoandikwa na mtu wa Dar, abiria wamesimama na kuning'inia ndani ya matatu ya viti kumi na vinne. Tangu Februari 2004, zilipoanza kanuni zilizobaki na jina la waziri John Michuki, matatu hiyo ilitakiwa iwe na mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni na abiria kumi na wanne wote wamekaa. Wapo wanaozivunja, lakini hapo ndipo palipo na hadithi: wa kumi na tano akichuchumaa, anachuchumaa kwa sababu kuna karao mbele. Ukimwandika kama aliyezoea kusimama, umeiua hofu yake.

Pesa nayo inatembea tofauti. Dar nauli hupangwa na serikali, siku hizi kupitia LATRA. Konda hawezi kuipandisha kirahisi. Hivyo hesabu ikimbana, anafupisha safari: gari lililoandikwa mwisho wa njia linageuzia katikati, abiria mnashushwa, mnapanda jingine na kulipa upya. Kukatisha ruti, tunaita. Nairobi makanga hana haja ya kufupisha njia, maana bei iko mdomoni mwake. Mvua ikidondoka tone, nauli inapaa, na aliyetoka nyumbani na fedha ya kwenda na kurudi anatazama mawingu kuliko mkulima. Jambo ni moja, mfuko wa jioni lazima ujae, ila Dar unapunguziwa njia na Nairobi unaongezewa bei. Mhusika wa Dar anaogopa kushushwa. Mhusika wa Nairobi anaogopa mvua. Hizo ni dhamira mbili tofauti, na hakuna mwalimu atakayekupa. Unazipata kwa kulipa nauli.

Halafu kaa kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa. Anayevuka kwa miguu halipi kitu. Hakuna konda, hakuna chenji, hakuna wa kukuita wala wa kukukataa. Kundi zima, mwenye suti na mwenye mkokoteni, linateremka mteremko mmoja. Hapo ubaguzi wa nauli haupo, na ukimya una uzito mwingine, hasa kwa wanaokumbuka kivuko cha jirani cha Mtongwe, kilichopinduka tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272. Mwandishi anayemvusha mhusika wake Likoni kwa vurugu za daladala hajafika Likoni.

Unguja nako kuna somo la fani. Gari za shamba zenye bodi la mbao zina mabenchi yanayotazamana, mizigo juu ya paa. Ukiingia huwezi kukaa bila kutoa salamu. Magoti yanagusana, macho hayana pa kwenda. Hata Dar zamani kulikuwa na chai maharage, vigari vya kutazamana hivyo hivyo. Kisha tukaingia kwenye Coaster, kila mtu anatazama kisogo cha mwenzake. Mazungumzo yakabadilika. Ya kutazamana huanza kwa maamkizi na kuishia kwenye ukoo. Ya visogo huanza na mtu mmoja anayelalamika kwa sauti akimwambia hewa, mpaka hewa imjibu kutoka kiti cha nyuma. Kwa hiyo unapoandika dayalojia ndani ya gari, jiulize kwanza viti vimeelekea wapi.

Mwisho kuna mwendokasi, yaliyoanza Dar es Salaam Mei 2016 kwenye njia ya Kimara. Tiketi unakata kituoni kabla hujapanda. Ndani hakuna konda, na dereva hampelekei bosi bahasha ya jioni. Wapo waliodhani fujo itaisha. Kubanana kumebaki, hasira zimebaki, kilichoondoka ni mtu wa kugombana naye. Kwenye daladala hasira yako ilikuwa na uso, ikajibiwa, mkacheka, ikaisha. Kwenye mwendokasi unaimeza, unashuka nayo, unaifikisha nyumbani kwa watoto. Nangoja hadithi ya mtu anayefika nyumbani na hasira ya basi isiyokuwa na konda.

Kiswahili cha mlangoni

Nigusie lugha, maana hapo ndipo tunapoharibu zaidi. Konda wetu wa kwenye karatasi ama anasema Kiswahili cha kitabu cha darasa la sita, "Tafadhali abiria, sogeeni nyuma," ama anamwagiwa msamiati wa mtaani mpaka haeleweki, kila neno "mshikaji", kila sentensi "noma". Wote wawili ni waongo. Konda wa kweli ni bahili wa maneno. Hana muda. "Wa Sokoni?" "Yupo." "Shusha!" "Suka, twende." Maneno machache tu, na gari limesimama, mtu ameteremka, gari limeondoka. Sisi tungetumia aya nzima.

Tena lugha ile haikai kituoni tu. Mpiga debe anayejaza magari ndiye huyo huyo tunayemsikia kwenye siasa, kwamba fulani anapigiwa debe. Anayerukia hoja asiyoijua tunasema kadandia. Jero na buku zinahesabiwa mpaka harusini. Kiswahili cha mjini kinapita mlango ule kwanza, kisha kinafika kwenye gazeti, kisha, kwa kuchelewa sana, kwenye hadithi zetu.

Sikiliza pia majina ya vituo: Sinza Makaburini, Manzese Darajani, Ubungo Maziwa, Tabata Dampo. Pale Dampo palikuwa ni jaa la taka la jiji. Wakazi wa Tabata walichoka na moshi na harufu wakaenda mahakamani, na 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Jaa liliondoka, kesi ikaingia kwenye vitabu vya sheria, na konda anaendelea kuita "Dampo, Dampo!" bila kujua kwamba anataja ushindi wa watu. Mwandishi akijua, kushuka kwa mhusika pale hakutakuwa kushuka kwa kawaida.

Na yale maandishi ya kwenye bodi, ambayo wengi tunayanakili kwa ajili ya kuchekesha, yanastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki kanga. Chukua hili ambalo wengi mmeliona: Kazi mbaya ukiwa nayo. Maneno manne tu. Anayelalamika ana kazi. Asiyekuwa nayo anaitamani hiyo hiyo mbaya. Jiulize ni sauti ya nani. Mwenye gari, anayengoja bahasha sebuleni, hana sababu ya kuyasema hayo. Ni sauti ya aliye ndani, na pengine anamsemesha deiwaka aliyesimama kituoni akiomba apewe japo tripu mbili. Gari ni la bosi, ila ubavuni anasema kibarua. Sentensi kama ile ingetuchukua sisi kurasa ngapi?

Tujaribu

Nisije nikaonekana mkosoaji wa kukosoa tu. Aya yetu ya kawaida, niliyoitunga ili nisimguse mtu, iko hivi:

"Daladala lilikuwa limejaa pomoni mithili ya dagaa ndani ya kopo. Jua lilichoma kama moto wa jehanamu. Konda, kijana mchafu mwenye macho mekundu, alitukana abiria bila haya. Juma alifikiria maisha yake magumu."

Sasa ijaribu kwa upande mwingine:

"Saa kumi na moja hesabu ilikuwa imepungua elfu kumi na nane. Dereva hakuuliza, aliangalia mshale wa mafuta tu. Konda alizihesabu noti mara ya tatu, akazikunja kwa urefu, akazirudisha katikati ya vidole. Kituoni walikuwa wanaume wawili na madenti sita. 'Pitiliza,' alisema. Kisha akamwona mdogo wake kati ya wale sita."

Sidai ni fasihi kubwa. Lakini ona kwamba hakuna jua, hakuna dagaa, hakuna tusi, na bado unataka kujua gari litasimama au litapita. Elfu kumi na nane ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Ikiondolewa, mdogo mtu anabaki mtoto wa kituoni tu.

Najua atakayenijibu kwamba fasihi ni hisia, na kwamba naigeuza kuwa daftari la duka. Namheshimu. Ila hisia za mtu wa mjini zimefungwa kwenye mia mbili mia mbili. Kijana asiyemfuata mpenzi wake Kimara, huenda anampenda sana na hana nauli ya kurudi. Msichana anayekubali lifti ya mtu asiyempenda huenda ruti imekatishwa na usiku umeingia. Ukificha fedha, matendo yao yataonekana ni wepesi wa tabia, nawe utakuwa umewasingizia.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa atakayeleta kazi yenye daladala, matatu au kivuko ndani yake. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, ujue mhusika wako ana shilingi ngapi mfukoni, gari linadaiwa ngapi jioni, nani hataruhusiwa kukaa, na nani atashushwa kabla hajafika. Si lazima uyaandike yote. Ukiyajua tu, konda wako ataanza kusema kama konda. Kisha lete hiyo kazi tuisome kwa sauti, na tukifika kwenye chenji tusimame, kila mmoja aseme kama imetimia.